Mkono Wangu Sasa Unaitwa Zaina

Kwako mke mwenzangu Zaina, uliyeko Mbalizi kwa mwanao,

Salamu nyingi, na kabla salamu hazijakwisha nakuambia wazi kwamba nimekukasirikia. Sijui kama ni hasira au ni wivu. Waliosoma kuliko mimi watachagua neno. Mimi nilisoma kwa Mjerumani miaka miwili tu, vita vikaja, mwalimu akabebeshwa bunduki, shule ikafungwa, nikatoka na herufi zangu kama mtu aliyefukuzwa karamuni na mfupa mkononi. Lakini mfupa huo nimeutafuna mpaka leo. Hapa mtaa wa Mshindo mzima nitafutie mwanamke mwingine wa rika langu anayekaa akaandika barua yake mwenyewe bila kwenda kumsujudia karani pale sokoni. Hayupo.

Wewe kusoma hujui. Atakusomea mkweo, na majirani watasogeza vigoda, maana barua kutoka Iringa haifiki huko kila siku. Basi waje, wakae vizuri. Sina la kunong'ona. Na wewe mkwe unayesoma, usiruke mahali ukidhani unaficha aibu ya watu wazima. Nitajua tu.

Habari za hapa ni njema. Mzee anakula, anaswali, anagombana na redio ya jirani. Macho ni giza lile lile. Baridi ya Juni imetukalia, asubuhi maji ya mtungi yana meno. Nawe unaijua mikono yangu na Juni.

Ndilo nililotaka kusema. Barua hii yote ni ya mikono.

Unakumbuka siku tuliyoshikana mikono mara ya kwanza? Mzee wetu Shabani alikuwa bado anaendesha lori la Mhindi, Iringa kwenda Mbeya na kurudi, akaona njia ni ndefu mno kuwa na mke upande mmoja tu. Alinieleza hivyo hivyo, eti dereva akifika anahitaji chai ya moto ncha zote mbili za barabara. Mimi nikajifanya mtu wa dunia. Si nilishapanda garimoshi kutoka Dodoma mpaka Dar es Salaam? Si nilishafika Tunduma nikachungulia nchi ya watu ng'ambo? Mke wa pili atanitisha nini mimi. Nikamwambia alete, nimtazame.

Akakuleta Sikukuu ya Idi. Ulishuka kwenye lori na vumbi la Makambako kwenye nyusi, ukainama kwa adabu ya kwenu ya kilimani, ukanipokea mkono kwa mikono yako yote miwili, ukasema, "Shikamoo, Bi Mkubwa."

Sikuitikia upesi. Watu walidhani najidai. Kumbe nilikuwa nausikiliza mkono. Ulikuwa kama unga wa maandazi uliokwisha kuumuka. Nikashangaa. Msichana wa Kisafwa, aliyekua akilima viazi na ngano kwenye baridi ya huko, amepata wapi mkono kama huu? Nikajijibu mwenyewe pale pale kwamba huyu hafanyi kazi, huko Mbeya mume wangu anajifulia. Nikasema marahaba, nikauondoa mkono wangu haraka nisije nikakukwaruza.

Tangu siku ile, Zaina, nimekuonea wivu wa mikono. Wengine huwaonea wake wenzao wivu wa kanga, wa pete, wa watoto. Mungu alikupa wewe Salma, mimi akanipa kufua, na hilo nilimwachia mwenyewe. Lakini mikono sikumwachia mtu.

Halafu macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu. Mwanzo alituficha. Barabara aliikariri, akaendesha kwa mazoea, mpaka siku moja karibu na Nyololo, mchana kweupe, aliposimamisha lori katikati ya njia akamwuliza utingo wake kama kile kilichoko mbele ni daraja au ni ng'ombe. Alikuwa ng'ombe. Akaacha usukani, dereva mwingine akamleta nyumbani, naye mzee akampelekea tajiri wake ufunguo. Sikumwona akilia, lakini alikaa barazani siku nzima mkono wake wa kushoto ukitafuta gia. Ndipo akasema kwamba hana tena lori la kumfikisha kwa mke wa huku na mke wa huko, kwa hiyo wake wenyewe waje kwake. Ukaja na Salma, na kuku wako, na kibuyu chako cha mafuta ya mbarika.

Nikagawa kazi, maana ni haki ya mkubwa. Mtaa mzima ulidhani nitakutwisha kazi ngumu nijikalie kwenye mkeka. Hawanijui. Kazi zote za maji nilizichukua mimi. Kufua, masufuria, sakafu, mablanketi. Wewe nikakupa kupika, kufagia na kumpakulia mzee. Nilikuwa na shabaha yangu. Kipofu anamjua mkewe kwa kumshika, nikasema basi atakaponishika aikute kazi yenyewe imeandikwa viganjani.

Kanzu zake nilizichemsha na soda ya kufulia, nikazifikicha kwa sabuni ya mche, nikazisuuza kwenye maji ya baridi, nikazitia buluu. Ijumaa alitoka mweupe mpaka wenzake msikitini wakapepesa macho. Masufuria niliyasugua kwa majivu na mchanga, kwa vidole hivi hivi, ungeweza kujitazama ukajisuka nywele. Na mikono yangu ikapasuka, ufa kwenye kila kiungo, nami nikatembea na nyufa zile kama askari waliorudi kutoka Burma walivyotembea na medali. Siku moja nilimnyooshea mzee viganja. Nikamwambia ashike aone mke.

Akashika, akapapasa. Akasema, "Pole, Mwaju." Kisha akageuka akakupa wewe mguu wake umkande.

Ile "pole" niliiweka. Hata leo nikiitaka naikuta mahali pake.

Unakumbuka nilipougua homa? Ulifua wewe nyumba nzima, mablanketi na yote. Siku niliyopata nguvu ya kuinuka, kitu cha kwanza sikuomba uji, nilikuja kukagua mikono yako. Ilikuwa vile vile, laini, imetulia, kama imeshinda harusini. Nilitamani nirudi kitandani niendelee kuugua.

Lakini nilikuwa na kitu kimoja ambacho kilikuwa changu peke yangu, nacho ndicho kimenifanya nishike kalamu.

Mzee alitujua kwa mikono. Nyumba ina kelele, redio, watoto wa watu, kuku wako, na mtu akimshika ghafla bega hawezi kungoja mpaka aseme. Mimi nikimgusa tu, kabla sijafungua mdomo, anasema, "Mwaju, tunakwenda wapi?" Siku moja nikamwuliza anajuaje. Wewe ulikuwepo, unachambua mchele. Akacheka kicheko chake cha dereva.

"Huu mkono ni barabara ya Nyololo wakati wa masika. Nimeipita na mzigo, nimeipita mtupu. Nitaikosaje?"

Nikamwuliza, na wa mwenzangu?

"Ule ni lami ya Dar es Salaam."

Ulicheka ukaziba mdomo kwa upande wa kanga. Mimi nilicheka kukuzidi, halafu nikaenda uani nikanuna nikiwatazama kuku. Lami, na mimi mashimo. Lakini nilivyozidi kukaa pale uani nikaona si tusi. Lami dereva anaipita huku anafikiri mambo mengine. Ile mbovu ndiyo anaijua kila shimo, anajua pa kushika breki. Nikarudi ndani nimevimba kichwa. Nikasema, mwache awe na ulaini wake. Mimi ninajulikana.

Basi nikazidi kutumia soda.

Sasa ile siku ya maulidi, nakumbuka mpaka leo. Nilikuwa nakanda unga wa chapati za wageni, chumvi ikaingia kwenye ufa wa kidole gumba, nikashindwa kuficha. Uliacha mwiko wako, ukaja ukakaa mbele yangu, ukaitoa mikono yangu ndani ya unga kama mtu anayemtoa mtoto kwenye matope. Ukauliza napaka mafuta saa ngapi. Nikakuambia kama watu wote, nikishamaliza kazi.

"Kwetu tunapaka kabla, Bi Mkubwa," ukasema. "Maji yakutane na mafuta kwanza, ndiyo yakutane na wewe."

Ukaendelea kwa sauti yako ile ya chini, inayoudhi. Eti nikoroge soda kwa mti, nisiikoroge kwa mkono. Eti nivue pete, maana sabuni inajificha chini yake. Masufuria niyasugue kwa dodoki au gunzi, vidole nivipumzishe. Maji yawe vuguvugu, yasiwe ya moto wala ya baridi. Nikimaliza nikaushe mpaka katikati ya vidole, nipake tena. Na asubuhi, vidole vikikataa kukunjika kwa baridi yabisi, niviloweke kwanza, visiamshwe kwa kazi. Yote hayo uliyasema mbele ya wageni wanaosikia ukumbini.

Nikakujibu kwamba hii ni mikono ya mke, bibi harusi aende akatafute ya kwake. Nikairudisha ndani ya unga, chumvi na yote.

Ukarudi kwenye mwiko wako. Una tabia hiyo mbaya ya kunyamaza.

Baada ya Ramadhani Salma, aliyeolewa huko Mbalizi, akakuita, mimba imekua, ukafunga mizigo. Ulipoondoka niliingia jikoni, nikakikuta kibuyu cha mafuta juu ya rafu, upande wangu. Hukuniambia kwamba umeniachia. Nikakigeuzia mgongo. Nikasema kitakaa hapo mpaka kiote.

Sasa sikiliza balaa. Duka la Mhindi likaleta sabuni mpya ya unga, ndani ya boksi, ina picha ya mwanamke wa Kizungu anacheka na shati. Wa kwanza kununua mtaani alikuwa nani? Mimi. Povu likajaa karai likamwagika uani, watoto wakaja kushangaa, nikasimama katikati ya povu kama gavana. Kesho yake mikono ikaanza kuwasha. Kesho kutwa ikababuka. Ngozi yangu unaijua, hata mkufu wa shaba unanitoa vipele. Ikafika siku nikawa nashika kikombe kwa pembeni mwa viganja, kama panya anayekula karanga. Kumfungia mzee vifungo vya koti sikuweza. Alinyanyua kidevu akingoja, akangoja, nami nahangaika na kifungo kimoja mpaka nikamwambia baridi hakuna, aende hivyo hivyo.

Hapo ndipo nikakishusha kibuyu.

Nilikuwa peke yangu jikoni, kwa hiyo usiniulize nilijisikiaje. Nikapaka kabla. Nikavua pete. Nikatafuta dodoki. Nikafanya vyote kama ulivyosema, huku nakusema vibaya. Kazi ile ile ilikwenda polepole, nikawa mzembe machoni pangu mwenyewe. Lakini ule moto wa ngozi ukapungua. Nyufa zikafunga midomo, moja baada ya nyingine. Mafuta yalipokwisha nikanunua mbegu kwa yule mama wa Kalenga anayeleta mboga, nikazikaanga, nikazitwanga, nikazichemsha, nikakusanya mafuta juu kwa kijiko. Nayo nakuambia bila kujisifu, ni meupe kuliko yako. Yako yalikuwa na harufu ya moshi.

Vifundo vya vidole bado vinauma asubuhi, umri hauna mafuta yake. Lakini ngozi, Zaina. Ngozi ikawa ya mtu mwingine. Nikaanza kusalimia watu ovyo. Harusini nilimpa mkono kila aliyekaa, mpaka wale niliogombana nao tangu vita vya kwanza. Mmoja akaniuliza kama nimepata mtumishi. Nikamwambia nimepata akili. Nilikuwa nimekushinda, nikaona hivyo. Ulikuwa na kitu kimoja cha kunizidi, sasa huna.

Halafu ikaja alasiri moja. Nilikuwa nimemnunia mzee tangu chakula cha mchana, kwa sababu alisema mchuzi wa Zaina ulikuwa na ndimu zaidi. Kwa hiyo nilimpelekea maji ya udhu bila kusema neno, na wewe unajua mimi kunyamaza ni jambo la kuandikwa gazetini. Nikapiga magoti, nikamshika mguu nimwoshe. Akashusha mkono wake ukakaa juu ya wangu. Ukatulia pale.

"Zaina," akasema. "Umefika saa ngapi?"

Mtu mwema angesema papo hapo, mzee umekosea. Mimi wivu ulinifunga mdomo kwa kamba. Nilitaka kusikia jinsi anavyosema na wewe nisipokuwepo. Miaka yote hii nilitaka kusikia. Nikaendelea kumwagia maji.

Akainama. Akashusha sauti, akauliza kama Mwaju, yaani mimi, yuko jikoni. Sikujibu, akachukulia kwamba ndiyo.

"Basi sikiliza. Mwenzako mikono inamtesa. Namsikia asubuhi akishika kikombe anavyovuta pumzi. Mwoneshe yale mafuta yako, ufanye kama bahati tu. Yeye hawezi kuomba, unamjua. Lakini mkono ule ndio umenitembeza humu ndani tangu giza liingie, sitaki uharibike."

Najua unachofikiri. Na walioketi hapo wanafikiri hivyo hivyo, kwamba mwanamke mwenye akili angetandika msala akashukuru. Mimi niliona wivu kuliko siku zote za maisha yangu. Maneno yale yalikuwa yangu, Zaina, yote, kila neno, na amekupa wewe. Mimi ananipa "pole, Mwaju" na kifungo cha koti. Yale mengine anayaweka kwako, kama mtu anayeficha nguo zake nzuri nyumba ya pili.

Nikamwambia, "Baba, ni mimi."

Akauvuta mkono wake kama ameungua. Kisha akaurudisha taratibu. Akanigeuza kiganja, akapita kwenye kidole gumba, akapita kwenye kucha, akarudi nyuma ya mkono, anatafuta. Akaniambia niseme tena. Nikasema. Akasema niseme tena. Nilidhani atacheka. Nilikwisha kujiandaa kucheka naye, nina mzaha wangu tayari.

"Sasa nitajuaje ni wewe?" akauliza.

Tangu alasiri hiyo mambo si yale. Nikimgusa, anangoja. Ni kidogo sana, kama mtu anayemeza mate, wewe ungekuwepo usingeona. Anangoja nitoe sauti ndipo mwili wake uniamini. Zamani hakungoja. Na akiwa na usingizi, au mawazo yako mbali, hasubiri hata sauti. Nikimfunika blanketi, ahsante Zaina. Nikimpa fimbo, Zaina. Hujawahi kuijaza nyumba yangu kama ulivyoijaza sasa ambapo hupo. Nimeutaka mkono wako tangu Idi ile uliposhuka kwenye lori. Nimeupata, nao umekuja na jina lako.

Nilijaribu kurudi nilikotoka. Sikudanganyi. Juzi nilitia soda nyingi karaini, nikaviacha vyombo vya mafuta kando, nikazamisha mikono mitupu na kanzu zake zote. Nilisema nitaulipia mkono wangu nirudishiwe. Dakika chache tu kiungo cha kati kikafunguka. Nikauma kanga nisipige kelele. Mzee alikuwa barazani, upande wa pili wa nyumba, na harufu ya soda ikamfikia. Akaja akipapasa ukuta, bila fimbo, bila mtu, mpaka uani.

"Acha hiyo, Mwaju," akasema. "Afadhali nikukosee jina."

Nikaacha. Soda nikaimwaga. Wivu haukumwagika nayo.

Sasa kuhusu wewe. Yule utingo wa zamani wa mzee, ambaye siku hizi anaendesha mwenyewe na amefuga tumbo, alipita hapa kuamkia. Anasema alikuona Mbalizi, mjukuu ni wa kiume na mnene, na kwamba ulimpa mkono umefungwa vitambaa. Eti unafua nepi za mtoto na nguo za mzazi kwenye maji ya mtoni asubuhi, na damu inatoka. Eti mafuta huna, kibuyu ulikiacha, na mibarika nyuma ya nyumba ya kaka yako wameing'oa wapande pareto.

Nilicheka. Kwa nini nikufiche, na mkweo nimeshamkataza kuruka neno? Nilicheka nikamwongezea utingo chai na mkate wa siagi. Nikamwuliza nyufa ziko upande gani, ndefu au fupi. Nilifurahi mpaka alipopanda gari lake akaondoka.

Halafu nikakaa na kile kikombe chake, nikaanza kukuona. Si wewe wa lami, wewe wa vitambaa. Nikaona unavyokamua nepi na kitambaa kinavyoshikana na kidonda, unavyokibandua. Maumivu hayo nayajua jina lake na jina la baba yake. Na nikaona jambo la pili, ambalo lilinifanya nisimame. Mtoto ataanza kukaa, utapanda basi urudi. Utashuka na mikono hiyo. Mzee atakushika, atasema, "Mwaju." Kwako atasema Mwaju bila kungoja, na mimi nitasimama kando na mikono yangu mizuri, naitwa Zaina mpaka kufa.

Kwa hiyo pamoja na barua hii pokea chupa mbili za mafuta, nimezifunga kwa gunzi na nta. Nimeyakamua mimi. Paka kabla ya maji, usipake baada tu. Pete vua. Nepi zikoroge kwa mti. Unacheka kuona nani anakufundisha, cheka, lakini paka. Mwambie Salma kwamba Bi Mkubwa amesema nguo za mtoto azisuuze mwenyewe sasa, mzazi wa siku nyingi si mgonjwa. Na nepi ziwe kwenye maji vuguvugu, kuni si dhahabu.

Usidhani nimetuma kwa upendo mtupu. Nusu ni wivu, na hiyo nusu ndiyo iliyotwanga. Sitaki kukushinda kwa sababu mkono wako umechanika. Ushindi huo nimeshauonja, unakwisha kabla chai haijapoa. Na sitaki unishinde kwa nyufa zangu mwenyewe.

Nataka upone kabisa, halafu urudi.

Siku utakayofika, mtangulize mtu aniambie. Usipige hodi, usikohoe, na huyo kuku utakayemleta mfunge mdomo. Mzee atakuwa barazani. Wewe kaa kulia kwake, mimi nitakaa kushoto. Nitanyamaza, wallahi, hata kama ni mara yangu ya mwisho. Tutampa mikono yetu, mmoja mmoja, laini yote, haina shimo wala alama, asiwe na kitu cha kushika isipokuwa sisi. Halafu aseme.

Akinipata, utanistahimili, maana watu wa Kalenga watasikia kutoka huko waliko.

Akinikosa, mimi nitacheka kwanza. Nawe ucheke hapo hapo, kwa sauti kubwa, usinyamaze kama tabia yako, uendelee kucheka mpaka nipate nafasi ya kuingia ndani.

Mkwe, imekwisha. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, na mikono yako uwe umenawa.

Ni mimi mkubwa wako wa nyumba moja,
mke mwenzio Mwajuma, Iringa.